Masanduku Sitini na Mawili

Ijumaa mawakala wa forodha wa Kurasini walifunga droo,
wakaniachia ofisi na feni iliyolegea skrubu.
“Jumatatu,” alisema bosi, “nisisikie mtu analalamika.”
Akaweka elfu kumi ya LUKU juu ya kibodi,
kana kwamba umeme ukitaka kukatika huangalia salio.

Seva ya zamani inakaa chini ya ngazi,
kati ya ndoo ya deki na maboksi ya fomu za bandari.
Mjusi alijifia kwenye tundu lake la hewa,
amekauka, mwepesi kama risiti.
Mpya sijawahi kuiona. Ipo mahali, wanasema.
Nimepewa anwani, nimepewa nywila, nimeambiwa niamini.

Mimi nimehama mara saba katika jiji hili:
Tandika, Kizuiani, Yombo, tena Tandika.
Najua kirikuu kinavyopakiwa,
najua kuna kitu lazima kibaki ukutani,
msumari, kalenda, alama ya kimo cha mtoto.
Kwa hiyo nahamisha moja moja, nahesabu.
Kule barua elfu nne mia mbili na sita.
Huku elfu nne mia mbili na tano.
Narudi kuitafuta.
Ni tangazo la viatu. Nalibeba.

Barua za watu sisomi. Hilo lijulikane.
Lakini kichwa cha barua hujisoma chenyewe,
kama maneno ya chumba cha pili
katika nyumba isiyo na dari.
Lutengano wa uhasibu: YAH: MKOPO. YAH: MKOPO. YAH: SAMAHANI.
Bi Mkwizu wa mapokezi hujiandikia mwenyewe:
nyanya, betri ya saa, mpigie Sijaona.
Bosi ana elfu kumi na moja hajazifungua.

Saa saba usiku kiza kikaingia bila hodi.
Asilimia sitini na nane ikarudi sifuri.
Nilisema neno ambalo mama haamini ninalijua.
Nkwabi, mlinzi, alivuta kamba ya jenereta mara nne;
ya tano ikakohoa, ikashika.
Akaja, daftari la getini kwapani.
“Unahamisha nini? Sioni kitu kinatoka.”
Nikamwonyesha mstari wa kijani ukitambaa.
Akautazama kwa subira ya mtu wa zamu.
“Mimi kitu kikitoka naandika. Niandike nini?”
Andika masanduku.
“Mangapi?”

Hapo nikakwama.
Orodha ya bosi ina sitini na moja.
La sitini na mbili ni la Chinguwile,
aliyeaga anakwenda kumzika shangazi Newala, mwaka wa tatu sasa.
Wapo wanaosema yuko Durban. Wapo wanaosema kaoa Lindi.
Wenye meli bado wanamwandikia, Bwana Chinguwile, kontena lako,
na sanduku lake linajibu lenyewe, usiku na mchana, kwa adabu:
Nipo msibani. Nitarudi Jumatatu.

Ningeweza kuliacha. Kuhama si kuhamishwa,
na yeye hakuniomba.
Ila nilikumbuka chumba cha Yombo, nilivyorudi siku ya tatu
kufuata ufunguo wa kufuli ambalo sina tena,
na mpangaji mpya akanipa,
kaufunga kwenye karatasi.

“Sitini na mawili,” nikasema.
Nkwabi akaandika. Kwenye safu ya uzito akapiga mstari.
Kwenye safu ya yanakokwenda alisita, akalamba kalamu,
akaandika: hapahapa.

Jumatatu, kabla hata ofisi haijafagiliwa,
seva mpya ilituma barua yake ya kwanza:
Nipo msibani. Nitarudi Jumatatu.
Saa mbili na nusu Bi Mkwizu akalalamika
kwamba herufi zimekuwa nyembamba.
Alilalamika kwa maandishi, kwa bosi.
Bosi hajaifungua.